Matabishi ya Serikali

Rigobert Lombe hakuwahi kununua kitu akaondoka na alichokilipia tu. Akinunua unga sokoni Katuba, alisimama pale mfuko wake ukiwa wazi, macho ameyapeleka mbali kama hayupo, mpaka mama muuzaji achoke kumwona na kumtupia kiganja kimoja juu. Nyongeza hiyo ya bure watu wa Lubumbashi wanaiita matabishi. Wengine huiomba kwa haya kidogo. Ikija wanashukuru, isipokuja wanakwenda zao. Haya hiyo Rigobert hakupewa. Kinyozi akimaliza nywele, yeye alinyoosha kidevu. Hata siku ya ndoa yake, padri alipokwisha kuwanyunyizia maji ya baraka, bwana harusi alichungulia ndani ya chombo, akaona yamebaki, akauliza kama padri hangependa kutoka nje mara moja aibariki na baiskeli.

"Papa Princesse," mkewe Gracia alikuwa akimwambia, "siku utakufa, utaomba Mungu akupe matabishi ya siku mbili."

"Na akinipa juma muzima, nitakatala?"

Msimfikirie vibaya, lakini. Alikuwa fundi hodari wa malori katika kampuni moja ya kubeba mizigo ya migodi, yenye yadi kando ya barabara ya kuelekea Kinsevere, na injini iliyopita mikononi mwake haikurudi kulalamika. Mshahara wake uliishia nyumbani, si kwenye chupa. Dada yake alipofariki, alimchukua binti yake, Kiki, siku ileile ya mazishi, bila kungoja kikao cha ukoo, akampa godoro pamoja na watoto wake watano. Ila tu aliamini kwamba kila kitu duniani kina tone lililobaki chini, na mjinga ni yule asiyetikisa chupa.

Kulikuwa na chupa moja tu ambayo hakuthubutu kuitikisa, nayo ni mama mkwe wake.

Mama yake Gracia, Mama Bwalya, alikuwa mwanamke wa Kilwa, kule kando ya ziwa Mweru, muuza samaki wakavu. Kila barabara ilipokubali, alipanda juu ya lori pamoja na magunia yake akaja kuuza Lubumbashi, akafikia kwa mdogo wake wa kike katika komini ya Kenya, mtaa wa mji huohuo, jirani kabisa na Katuba anakokaa bintiye. Lakini nyumba ya bintiye hakuwahi kuikanyaga. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, wala hawalali chini ya bati moja, mpaka mwanamume afanye sherehe ya kuingisha buko: atoe kuku, atoe vitenge, awanyweshe wakweze munkoyo, kinywaji cha mahindi, ndipo mama mkwe afunue uso wake na mlango uwe wazi kwake. Rigobert alikuwa ameiahirisha sherehe hiyo tangu Princesse, kifungua mimba wake, hajazaliwa, na Princesse sasa yuko sekondari na anajibu wakubwa. Kila kiangazi alisema mwaka kesho. Alikuwa ameipiga hesabu kila upande na hakuona matabishi yangeingilia wapi, kwa sababu siku hiyo mkwe kazi yake ni kutoa tu.

Kwa hiyo Gracia alijifungua mara tano ndani ya nyumba ile, na mara zote tano mama yake alipokezwa mjukuu juu ya ukuta wa ua kama mtu anayepokezwa ndoo. Jambo hilo lilimuuma Gracia kuliko alivyosema.

Mama Bwalya mwenyewe hakulia. Yeye alisema. Akifika getini, Rigobert hutimkia nyuma ya choo, na kwa kuwa mama mkwe hakuruhusiwa kumsemesha, alimsemesha kuku.

"We kuku," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka nyuma ya choo, "ambia mwenye parcelle, mwenye hii nyumba: samaki nimeleta. Umuambie tena: bati ya nyumba yake iko inaoza upande ya kushoto. Minaiona muzuri, sababu njo hii fasi moja tu banaachaka nisimame."

Kuku aliendelea kudonoa.

Mambo yangebaki hivyo mpaka Princesse aolewe, kama si Laurent wa ofisi ya mishahara. Siku moja, saa ya chakula, Laurent alikuja karakana akila muhindi wa kuchoma, akakaa juu ya tairi na kuanza kulalamika. Watu wa yadi hii, alisema, wanalia kodi, kodi, inakatwa kila mwezi juu ya mshahara, lakini hawajui hata kuomba kile ambacho sheria yenyewe inawaachia.

"Kila muntu mwenye unalisha ku nyumba, banapunguzaka impôt yako deux pour cent," akasema. "Bibi, batoto, mpaka bantu kenda. Unajua ile karatasi ya composition familiale, ya kuandika bantu ya nyumba yako? Bengine habaijazake hata."

Spana ilimdondoka Rigobert.

"Deux pour cent ya mushahara?"

"Ya impôt, mukubwa. Haina ya mushahara."

Mwingine angepiga hesabu akaona kwamba mbili kwa mia ya kodi ya fundi, kwa mwezi, ni mkate mmoja, na labda kipande. Rigobert hakuona mkate. Aliona Serikali nzima, na bendera yake, imesimama sokoni na kopo la unga mkononi, ikingoja tu aombe. Miaka yote hiyo alikuwa akilipa na kuondoka mikono mitupu, yeye, Rigobert Lombe! Alijisikia kama mtu aliyeibiwa akiwa macho.

Akaanza kuhesabu kwa vidole vyenye grisi. Gracia, mmoja. Watoto watano, sita. Zilibaki nafasi tatu, wazi, za bure, zinaoza.

"Na Kiki, saba," akasema.

"Kiki iko nièce, mutoto ya dada. Sheria inasema batoto yako. Kiki haingie."

"Laurent! Ule mutoto anakula kupita bote. Ukimuona na bukari, utakimbia."

"Kukula, akule. Lakini haingie."

Na hapa, tuseme haki, Rigobert alikuwa na sababu ya kuudhika. Mtoto asiye na mama, anakula kwako, anaugua kwako, viatu vinambana kwako, halafu anaambiwa hayumo! Aligeuza spana mkononi, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali sana ni nani mwingine basi anayeingia.

"Baba na mama yako."

"Balisha kufa bote mbili."

"Basi baba ao mama ya bibi yako, kama anaishi ku nyumba yako na hana franga yake mwenyewe."

Laurent alisema hivyo huku akitupa gunzi, akaondoka, na hakuona macho ya fundi. Fundi alikuwa akifikiri haraka. Kiki amekataliwa nafasi yake bila haki, kwa hiyo si wizi mtu akiijaza nafasi ileile kwa kichwa kingine. Na kichwa kingine kipo, kiko hai, kina hata jina la kuandika. Tena kiko Kilwa, na barabara ya Kilwa hata madereva wa lori wanailaani. Nani atajisumbua kwenda kule kuuliza? Haba na haba hujaza kibaba. Akaomba karatasi, akaijaza kwa mwandiko wake bora: Bwalya, mama wa mke, anaishi nami, hana kipato.

Mtu wa kabila lingine angeweza kuusema uongo huo na akalala usingizi mnono. Kwa mkwe wa watu wa Mweru ulikuwa uongo wa kipumbavu kuliko wote, naye hakuliona hilo mpaka alipoitwa ofisini.

Aliyemwita ni Madame Jeanne, mkuu wa ofisi ya wafanyakazi, mama mnene mwenye miwani na sauti ya chini, ambaye wazee wake walitoka kandokando ya ziwa lilelile. Alikuwa na karatasi mbele yake na uso umejaa furaha.

"Papa Rigobert," akasema, "mbona unatuficha? Kumbe ulisha kuingisha buko, na hata munkoyo ya kunywa hatukuona?"

Rigobert alikuwa amejiandaa kwa maswali ya umri, ya jina, ya sahihi. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Bado, Madame."

"Bado. Lakini mama-buko anaishi kwako."

"Ndiyo, Madame."

"Analala wapi?"

"Mu chumba ya batoto."

"Na ya kwako chumba?"

"Iko nyuma ya ile."

"Basi asubui, kama unatoka kuya ku kazi, unapita mbele ya mama-buko?"

"Hapana, Madame! Haiwezekane!"

"Sasa unapitaka wapi?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Rigobert alitazama dari, dari haikumsaidia. Akatazama dirisha la ofisi.

"Ninapitaka ku dirisha," akasema.

Madame Jeanne alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya kitenge chake. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, lakini sauti ilikaa palepale.

"Ku dirisha. Kila asubui."

"Kila asubui, Madame. Na mangaribi, kwa kurudia."

"Na ile tumbo yako yote?"

"Inapita, Madame."

Ukuta wa ofisi ile ulikuwa wa mbao nyembamba, na upande wa pili walisimama madereva wakingoja karatasi zao za safari. Kabla ya saa ya kutoka kazini, yadi nzima, mpaka mlinzi wa geti, ilikuwa inamwita Papa Dirisha. Wengine walimfungulia dirisha la lori na kumkaribisha apite.

Lakini Madame Jeanne hakuishia kwenye kicheko. Karatasi ya uongo yenye sahihi ya fundi anayeaminiwa breki za malori haikuwa mchezo kwake. Alivaa tena miwani.

"Jumamosi, nyuma ya chakula ya muchana, nitakuya kusalimia mama," akasema. "Nikimukuta, muzuri. Nisipomukuta, utaandika explication ya huu uongo, na patron mwenyewe ataisoma."

Rigobert alimweleza Gracia jikoni, amesimama, kofia mkononi. Gracia alikuwa anasonga bukari. Aliendelea kusonga mpaka mwisho wa habari, hata kwenye sehemu ya dirisha. Kisha akauacha mwiko umesimama wima ndani ya sufuria, akaketi juu ya kigoda, akacheka mpaka akajifuta machozi. Alipomaliza kujifuta, yakaendelea kutoka, na Rigobert, ambaye si mjinga wa kila jambo, akaona kwamba hayakuwa tena ya kicheko.

"Nilikuomba na mimba ya Princesse," Gracia akasema. "Ukasema mwaka kesho. Nilikuomba wakati baba alikufa. Mama alilia pa barabara, inje ya geti, sawa muntu hana mutoto. Ukasema mwaka kesho. Na leo, juu ya deux pour cent, njo unataka mama yangu aingie?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Rigobert ilikuwa imeishia pale mbele ya sufuria.

"Eko hapa mujini," Gracia akaendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mwanamke aliyetandaza mali yake sokoni na anayejua mnunuzi hana pa kwenda. "Alifika na samaki, eko kwa tantine, ku Kenya. Ataingia. Lakini ataingia na heshima yote. Kuku mbili."

"Desturi inasema moja, Mama Princesse."

"Moja ni ya desturi. Moja ni matabishi."

"Aa."

"Bitenge mbili, ya nguvu, haina ile inachuja. Munkoyo. Bia ya batantine. Sukari."

"Sukari haiko mu desturi!"

"Sukari ni matabishi. Endelea kusema, utasikia mbuzi."

Rigobert akakubali na sukari. Maisha yake yote alikuwa amesimama upande wa mfuko ulio wazi. Sasa alikuwa upande wa mwenye unga, na hakupapenda hata kidogo.

Sherehe ilifanyika Jumamosi asubuhi, kwa mama mdogo wa Gracia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Rigobert aliinama kweli. Walimwamuru aingie kwa magoti, kuku mmoja kila mkono, na yule wa mkono wa kushoto alikuwa na maoni yake juu ya jambo zima. Mama Bwalya alikuwa ameketi juu ya mkeka, amefunikwa kitenge kuanzia kichwani mpaka mapajani. Wamama wa ukoo walimzunguka kwa vigelegele, wakamuuliza mkwe kama hakupotea njia, na kama angependa wamfungulie dirisha. Habari ilikuwa imemtangulia, na Rigobert hakuhitaji kuuliza imebebwa na nani.

Akaweka kuku. Kitenge hakikufunuka. Akaweka vitenge, akaweka sukari, akaweka kopo la kwanza la munkoyo. Kila alipoweka kitu na kukaa kungoja, tantine alikitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akanyoosha mkono.

"Na matabishi?"

Wamama walipiga makofi. Rigobert alitoa sarafu, akatoa kitambaa cha mfukoni, na mwisho, alipokuwa hana kingine, alivua kofia yake na kuiweka juu ya rundo. Ndipo kitenge kikafunuliwa.

Alikuwa amejiandaa kuogopa, au kucheka kidogo. Hakuwa amejiandaa kuona uso wa Gracia. Ulikuwa uleule, mashavu yaleyale, pengo lilelile dogo kati ya meno ya mbele, isipokuwa ulikuwa umepigwa na jua na moshi wa samaki miaka mingi zaidi. Uso anaoamka nao kila siku, uso anaoupenda, alikuwa ameukimbia mara ngapi nyuma ya choo? Aibu ilimshika palepale juu ya magoti, aibu ya kweli isiyo na ujanja ndani yake, hata kuku wa kushoto alipotoroka kwenye rundo hakumfuata.

Mama Bwalya naye alimtazama bila haraka, kutoka utosini mpaka magotini.

"Kumbe weye njo mufupi vile," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake bila kupitia kwa kuku. "Mugongo yako minaijua muzuri sana. Ilikuwa inabakia sura."

Wamama wakaangua kicheko. Wakamnawisha mikono, wakampa bukari na maharagwe, akala mbele ya mama mkwe.

Walipofika Katuba, Mama Bwalya alisimama getini, mahali pake pa siku zote. Pale chini palikuwa pamechakaa kwa kusimama kwake. Hata majani hayakuota. Gracia alimshika mkono bila kusema kitu, akamwingiza. Mama alizunguka nyumba yote polepole, akagusa kuta, akainama kutazama magodoro ya watoto, akafika chumba cha nyuma.

"Balizaliwa hapa?"

"Hapa, mama. Bote tano."

Aliketi ukingoni mwa kitanda, akawa analainisha shuka kwa kiganja. Rigobert, aliyekuwa akichungulia kutoka ukumbini, alitamani angemtukana, ingekuwa nafuu.

Madame Jeanne alipobisha hodi, alimkuta mama mkwe chini ya ule upande wa bati unaooza, ameketi kwenye kiti kizuri cha nyumba, anamwonyesha Kiki namna ya kumtoa samaki miba bila kumvunja. Rigobert alivuta pumzi. Mama mkwe yupo, uso wazi, ndani ya ua. Karatasi imekuwa kweli. Alisalimia kwa furaha nyingi mno.

"Mama, munaishi hapa?" Madame Jeanne akauliza, baada ya salamu za ukoo na za ziwa.

"Ninaishi."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu kuku ya leo asubui."

Rigobert akakohoa. Madame Jeanne akaandika kitu, mdomo umebanwa asicheke.

"Na ni Papa Rigobert njo anawalishaka? Hamuna franga yenu?"

Hilo Gracia hakuwa amemwambia mama yake. Watu wa Katuba wanabishana mpaka leo kama alisahau, au kama hakusahau.

"Kunilisha?" Mama Bwalya akasema. Aliweka samaki chini. "Miye? Huyu?"

Akasimama. Na aliposimama, ilikuwa kana kwamba soko lote la samaki limesimama. Alitaka kujua samaki aliye ndani ya sufuria ile alitoka kwa nani. Alitaka kujua unga wa kipindi cha mvua uliletwa na nani. Na viatu vya shule vya Princesse? Na dawa ya Kiki, ule mwezi aliougua? Rigobert alimgeukia Gracia, na Gracia akatazama kando. Miaka yote Rigobert alikuwa akijivunia mke wake mbele ya mafundi wenzake: mwanamke anayepewa pesa kidogo, anarudi na kikapu kimejaa, hajulikani anaomba vipi huko sokoni. Alidhani amemfundisha yeye. Kumbe matabishi yote ya nyumba yake yalikuwa yakipita juu ya ukuta ule ule, kutoka kwa mwanamke aliyemwacha nje.

"Kama ni kuandika, mama, andika yee chini yangu!" Mama Bwalya akamalizia. "Yee, bibi yake, batoto tano, na huyu Kiki. Bantu munane! Serikali inipunguzie miye."

Madame Jeanne alicheka sasa bila kujizuia, mpaka akalazimika kukaa. Kisha akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya jina la Bwalya.

"Bantu sita," akamwambia Rigobert. "Ile ni haki yako, na utaipata kila mwezi. Explication, acha. Mama alisha kuitoa." Alipofika getini akageuka. "Unaweza kupita mulango sasa, Papa. Dirisha ipumuzike."

Geti likafungwa. Rigobert alibaki amesimama katikati ya ua bila kofia. Alikuwa amepoteza kuku wawili, vitenge, sukari, na kichwa cha saba, na cha ajabu ni kwamba hakuna hata kimoja cha hivyo kilichokuwa kikimuuma. Kilichomuuma ni mahali pale getini pasipoota majani.

"Muko wangu," Mama Bwalya akasema nyuma yake, safari hii kwa upole. "Unataka kweli kunihesabu?"

"Ndiyo, mama."

"Unilishe kwanza. Njo unihesabu."

Chakula kilikuwa tayari, na sahani zote zilikuwa zimejaa isipokuwa ya mama. Gracia alinyanyua mwiko, lakini Rigobert akamfikia, akauchukua mkononi mwake, jambo ambalo watoto waliacha kucheza ili kulitazama. Akakata bukari, akaweka kwenye sahani ya mama mkwe. Akatafuta kwenye sufuria kipande cha samaki cha katikati, kile chenye nyama, akakiweka juu, akamimina na mchuzi. Akangoja ashukuru aketi.

Mama Bwalya hakuketi. Alisimama pale sahani yake ikiwa mbele yake, macho ameyapeleka mbali, juu ya ukuta, kama hayupo.

Rigobert aliitambua namna hiyo ya kusimama. Alirudi kwenye sufuria, akaongeza kipande cha pili. Sahani haikuondoka. Akakwangua chini, lakini walaji walikuwa wengi siku hiyo na sufuria ilikuwa tupu. Basi akaenda kwenye sahani yake mwenyewe, akachukua kipande chake, akamwongezea.

"Aksanti, mwana," Mama Bwalya akasema, na Gracia akamsogezea kiti ndani ya nyumba.